Objektifu ya Kufika Ng'ambo

Mlioanza nami mnajua nilipofikia. Kwa anayefungua gazeti leo tu, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Philomène, mpiga picha wa hapa Kindu, jimboni Maniema. Kazi hii niliirithi kwa mume wangu Okito, aliyevuka mto mwaka 2002, wakati wa vita, kwenda Alunguli. Hakurudi. Mwili hatukuuona.

Wiki iliyopita nilieleza jinsi pikipiki ilivyotuangusha njiani kutoka Kailo. Kamera ilipona. Objektifu, ile lensi ya mbele, iliingia mchanga ikakwama, na sikuwa na nyingine. Jioni ile ile, kabla sijaoga tope, shemeji yangu Gédéon akabisha hodi.

"Shemeji, tumeamua," alisema hata kabla ya kukaa. "Jumamosi tunamuwekea Okito musalaba."

"Wapi?"

"Ngambo. Pale pale."

Pale pale maana yake ni gatini Alunguli, mahali alipoonekana mara ya mwisho.

"Sivuki," nikasema.

"Njo ile. Miaka yote ni sivuki, sivuki. Wewe uko sawa muntu mwenye kungojea treni ya Kindu."

"Treni ya Kindu inafikaka siku moja."

"Inafika, na ndani hamuna muntu wako."

Mara akajuta, maana Gédéon si mtu mbaya. Okito alikuwa kaka yake. Akakaa, akashika magoti yake.

"Sikia, shemeji. Musalaba ukishasimama, kilio kimeisha. Unavua hizi nguo nyeusi. Unaweza kuolewa, unaweza kwenda Kinshasa kwa mutoto wako Naomie, unaweza hata kulala tu kama watu. Lakini bibi ya marehemu, muke wake, asipokuwako, ule musalaba ni muti tu."

"Nitaangalia kutoka huku."

"Na macho gani?"

Alikuwa ananicheka. Mimi nililichukua kama swali. Kulipokucha nilienda sokoni kutafuta macho.

Hamidou anauza vitu vya umeme pembeni ya soko, vitu vinavyomfikia kwa ndege kutoka Goma: simu, betri, taa za jua, na mara chache vitu vya kamera. Aliniwekea objektifu tatu juu ya kitambaa, kama muuza samaki anavyopanga samaki.

"Mama Naomie, unataka ya kufanya nini?"

"Ya kila siku. Vitambulisho, ubatizo, ndoa. Nyumba za watu ni ndogo, mgongo wangu unagusa ukuta na bado familia haijaingia yote. Kwa hiyo nataka inayopanua."

"Basi iyi ndogo. Dix-huit cinquante-cinq, milimita kumi na nane mupaka hamsini na tano. Nyepesi, rahisi, maneno imekwisha."

"Na Jumamosi nataka kuona Alunguli."

Aliinua macho. Akaisogeza ya pili, ndefu kama chupa ya bia.

"Iyi inaona Alunguli mupaka zambi zao. Lakini mu nyumba ya muntu utaona pua tu."

"Siwezi kuchukua mbili."

"Siku moja ya Jumamosi, Mama, ju ya siku moja unaribisha kazi ya mwaka muzima?"

Hamidou akaitazama nguo yangu nyeusi, akaacha mzaha huo, akashika ya tatu. Ilikuwa imetumika, imekwaruzwa ubavuni.

"Basi iyi. Dix-huit deux-cents, kumi na nane mupaka mia mbili. Zoom ya kila kitu, inapanua na inavuta. Iyi njo kikwembe, Mama. Kikwembe unabebea mutoto, unafunikia kichwa mu mvua, unaenda nayo kanisani, na ukikufa wanakufunika nayo. Zile ingine mbili ni robe ya arusi. Unavaa siku moja."

Niliipokea. Kwanza niliiinua kwenye mwanga nitazame ndani, kwa sababu unyevu wa Maniema huotesha ukungu kwenye kioo, nyuzi nyembamba kama nywele za mtoto. Kulikuwa na unywele mmoja, pembeni kabisa, hausumbui. Nikazungusha pete: laini. Nikaiinamisha kutazama chini, na koo lake likashuka lenyewe, polepole, mpaka mwisho.

"Inashuka yenyewe," nikasema.

"Inakusalimia."

"Imechoka, Hamidou."

"Na weye umechoka, na unafanya kazi."

Nilicheka. Ilikuwa siku nyingi sijacheka mbele ya mtu.

Nikaifunga kwenye kamera, nikavuta mpaka mwisho, nikamwelekezea muuza mafuta ya mawese upande wa pili wa njia. Alikuja karibu, lakini na giza kidogo. Objektifu za namna hii, ukizivuta mbali, zinakula mwanga. Kwa harusi ya jioni haitafaa bila taa. Kwa mto wa mchana itafaa.

"Niulize kitu," Hamidou akasema. "Ukipiga foto, kwa kawaida unasimamaka wapi?"

"Mbali."

"Mbali wapi?"

"Dirishani. Mlangoni."

Alikuwa anajua. Kindu nzima inajua. Kwetu mpiga picha akifika kwenye matanga, anaingia kwanza, anashika mikono ya wafiwa, anakaa chini pamoja nao. Ndipo anasimama na kamera. Okito alifanya hivyo maisha yake yote. Mimi nilishindwa. Nikishika mkono wa mjane, sitaweza kuuachia. Kwa hiyo napiga kutoka nje, na huko mtaani Mikelenge wananiita Mama Dirisha.

"Acha simu yako hapa iwe rehani," Hamidou akasema. "Nenda mtoni ujaribu. Ukirudi tutaongea."

Nikaacha simu, nikateremka mtoni.

Mto Lualaba ulikuwa mpana na wa udongo. Nilitafuta mahali penye nyasi, juu ya kivuko, mbali na watu wanaosubiri mitumbwi. Bila kuvuta, Alunguli ilikuwa uzi wa kijani tu. Nikazungusha pete. Uzi ukawa miti, miti ikawa mapaa, nikaona gati, na watu.

Nilimwona Gédéon. Sura haikuonekana, lakini nilijua anavyosimama, mikono kiunoni, kama kaka yake. Watu wawili walikuwa wakifyeka nyasi. Kando yao msalaba ulikuwa umelala chini, mweupe, umekwisha kupakwa chokaa. Maandishi sikuweza kuyasoma kwa umbali ule. Nilijua yanasema nini.

Picha ya kwanza ilitikisika. Ukivuta mbali, objektifu inavuta na mtetemo wa mkono wako. Nilibana viwiko mbavuni, nikashusha pumzi, nikapiga ya pili.

"Mama. Unapiga nini pale?"

Sauti ilitoka nyuma. Alikuwa askari wa kituo cha mtoni, mwenye cheo cha ajida, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu. Bunduki alikuwa amening'iniza begani kama mtu aliyebeba jembe.

"Ninajaribu kamera, shefu."

"Kivuko hakipigwaka foto. Unajua?"

"Najua, shefu. Sikupiga kivuko."

"Unaelekeza mutambo ngambo, unajificha mu nyasi, na unasema unajaribu." Alinyoosha mkono, nikampa kamera. Aligeuza geuza ile objektifu ndefu. Halafu akaniuliza kwa Kifaransa kilichochanganywa na Kiswahili cha kwetu, kama wakubwa wanavyopenda kuuliza.

"Mama, objectif yako njo nini?"

Nikakaa palepale kwenye nyasi.

Lazima niwaeleze swali hili.

Mwaka ule, mji huu walikuwa wameushika waasi, na ng'ambo walikuwa wapiganaji wa msituni, adui zao. Mto ulikuwa ukuta. Lakini katekista mmoja alikufa Alunguli, na familia yake haikuwa na picha yake hata moja. Wakatuma mtu: Okito aje kumpiga picha kabla hajazikwa. Nikamwambia asiende. Akasema, mtu hawezi kwenda ardhini bila sura. Akavushwa na Ayoubu, mpiga kasia, na yaliyotokea huko niliyasikia kwa Ayoubu.

Walipofika gatini, kijana mmoja mwenye bunduki alimsimamisha.

"Objectif yako njo nini?" akauliza.

Alitaka kujua tu anafuata nini huko. Lakini kwa Kifaransa neno hilo moja ni nia ya safari, ni lensi ya kamera, na kwa wanajeshi ni shabaha. Na Okito alikuwa mtu wa kazi yake. Ukimtajia objektifu alifurahi kama umemtajia mtoto wake.

"Cinquante millimètres," akajibu.

Kijana akarudi nyuma hatua.

"Inapiga mbali?"

"Hapana, iyi inapigaka karibu. Lakini inapiga muzuri, hata mu giza. Haikosaka."

"Iko wapi?"

"Mu sakosi."

Ayoubu aliniambia kwamba alitamani kupiga kelele, aseme ni foto, ni foto tu, lakini ulimi ulikuwa jiwe. Waliona mtu aliyetoka upande wa adui na silaha ya milimita hamsini kwenye mkoba. Wakamchukua nyuma ya michikichi. Ayoubu akasikia risasi. Akaruka kwenye mtumbwi na kurudi.

Ndiyo maana sivuki.

Na sasa swali lile lile lilikuwa limesimama mbele yangu, lina mvi, linasubiri. Ningeweza kusema ninajaribu kamera. Nilikuwa nimekwisha kusema hivyo. Sijui kwa nini mdomo wangu ulijibu ulivyojibu.

"Dix-huit deux-cents millimètres," nikasema.

Ajida alinitazama. Mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka akakohoa, mpaka akaegemea bunduki.

"Mama, utaniua. Mu maisha yangu nimesikia muntu mumoja tu kujibu vile."

Nikageuka kumtazama vizuri.

"Tulikuwa vijana," akaendelea, akifuta macho. "Kule ngambo. Muntu anafika na sakosi. Namuuliza objectif yake, ananijibu cinquante millimètres. Mimi najisemea, leo tunakufa wote. Tunamupeleka kwa komanda. Komanda anasema, aribisheni ile silaha. Tukaweka sakosi chini, mwenzangu akaipiga risasi. Puu. Tunafungua, ni vioo tu. Yule muntu akalia. Si ju ya risasi, Mama. Ju ya vioo."

Akacheka tena, peke yake.

"Mlipiga sakosi," nikasema.

"Sakosi."

"Si muntu."

"Muntu ju ya nini? Komanda alimupenda. Alisema, muntu anayeliliaka kazi yake ni muntu wa kweli. Tukaenda naye mu pori. Tukamupatia kamera ingine, ya kuvuta, iliokotwa sijui wapi. Sisi tunamuitaka Cinquante mupaka leo."

Neno hilo, mpaka leo, alilisema kama vile unavyosema neno lolote.

"Shefu, jina lako nani?"

"Mardochée."

"Shefu Mardochée, yule ni bwana yangu."

Kicheko kilimtoka usoni taratibu. Alivua kofia. Halafu alifanya kitu ambacho sikukitegemea kwa mtu mwenye bunduki: aliketi chini kwenye nyasi, karibu nami, akaiweka kamera yangu mapajani mwangu kama mtu anayemrudishia mama mtoto.

"Mama, unisamehe. Ile maneno tunaichekaka tu. Hatukujuaka kama iko na muntu anailiaka."

Ng'ambo, bila objektifu, Gédéon na watu wake hawakuwapo kabisa. Kulikuwa na uzi wa kijani tu.

Mardochée alifungua kipochi cha kitambulisho chake, akatoa picha iliyofunikwa plastiki, imepauka pembeni. Kijana mwembamba katika sare mpya anatazama kando, na nyuma yake kuna kilima.

"Njo mimi. Aliipiga yeye."

Macho yangu yalianza kazi kabla ya moyo. Kilima kilikuwa kimesogea mpaka kwenye sikio la yule kijana, kikubwa, kama kimembeba mgongoni. Objektifu ya hamsini haifanyi hivyo. Hii ilipigwa kwa kuvuta, na aliyeipiga alisimama mbali sana.

"Ulikuwa unatazama wapi?"

"Sikujua kama ananipiga. Yeye hakukaribiaka muntu. Tangu siku ya sakosi, hapana. Hata komanda akimuita, alisimamaka kule, nyuma ya muti, anavuta. Tulimuambia, Cinquante, kuja karibu, hatukuli. Alikataaka."

Nilishika picha ile kwa mikono miwili. Miaka yote nilipokuwa nasimama dirishani mwa watu, kuna mtu mwingine alikuwa amesimama nyuma ya mti.

Halafu nikaona nembo begani.

"Sare hii ni ya lini?"

"Ya kuunganishwa. Wakati walituchanganya majeshi yote kuwa moja. Vita ilikuwa imeisha. Elfu mbili na sita."

Elfu mbili na sita. Mto ulikuwa umefunguliwa. Mitumbwi ilikuwa inavuka asubuhi mpaka jioni na ndizi na kuku. Naomie alikuwa bado nyumbani, anajifunza kuandika, na kila aliposikia kishindo cha mtu mlangoni alisimama.

Nitasema jambo lisilopendeza, kwa sababu nimeahidi kuandika kama lilivyo. Sikufurahi. Mtu angedhani ningelia kwa furaha, nimkumbatie ajida. Nilichohisi ni kama mtu amenifukuza katika nyumba niliyoizoea. Mume aliyekufa alikuwa wangu. Kila siku nilijua yuko wapi. Huyu wa picha simjui.

"Kwa nini hakurudi?"

"Njo ile sikujua, Mama. Wengine waliogopaka. Wangesema alikuwa na sisi. Watu wa muji walikuwa na hasira. Nilimuuliza siku moja. Alisema, mu Kindu wamekwisha kunilia, niende tena kuwasumbua?"

"Kunilia. Alijua."

"Alijua."

"Yuko wapi?"

"Punia, muji wa kaskazini. Alibaki kule. Iko na studio kidogo."

"Yuko, au alikuwako?"

"Mwaka jana nilipita kule kwa kazi, alinipiga foto ya pasi. Alizeeka. Meno ya mbele haiko tena. Lakini ni yeye."

Niliangalia mto. Jumamosi ilikuwa kesho kutwa. Mbuzi alikuwa amekwisha kununuliwa, padri amekwisha kuambiwa, chokaa imekwisha kukauka. Kama nikinyamaza, Gédéon atamzika kaka yake vizuri, na mimi nitavua nguo nyeusi kama watu. Kama nikisema, sitakuwa mjane wala mke. Hakuna jina la kitu hicho katika Kindu.

"Iko na simu?" nikauliza.

Mardochée hakutaka. Nilimwona hataki. Alitoa simu yake polepole, akatafuta kwa kidole, akanitazama.

"Mama, uko hakika? Unaweza kwenda nyumbani kwanza. Unaweza kuongea na famili."

"Simu yangu nimeiacha kwa Hamidou. Piga ya kwako."

"Nikipiga, nitasema nini?"

"Usiseme kitu. Nipe mimi."

Akabonyeza. Akanipa. Simu ilikuwa ya moto kwa kukaa mfukoni mwake, na mtandao wa Punia ulikwama, ukakatika, nikapiga tena. Ikalia kule. Ikalia. Nikajaribu kupanga neno la kwanza. Nilifikiria kumwita Papa Naomie. Nilifikiria kumwita Okito. Nilifikiria hata kusema Cinquante, nione atashtuka vipi.

Ikapokelewa.

"Allô, foto," ilisema sauti ya mwanamke, sauti iliyozoea wateja. Nyuma yake kulikuwa na watu wanaongea na mlango unafunguliwa.

Nikaibana simu sikioni.

"Allô? Unatafuta mwenye studio? Iko anapiga watu foto kanisani, atarudi."

"Naweza..." nikaanza kusema.

"Unaweza kuongea na mimi, mama, haina shida. Mimi njo bibi yake." Akangoja kidogo, kwa upole. "Na weye njo nani?"